Kartushi Niliyomupa Baba Yako

Assani, kifungua mimba wangu,

Salamu za mbali siwezi kukuandikia, maana bado uko hapa. Uko uani, nasikia unamucheka mudogo wako Zuhura kwa vile anavyofunga muzigo wako na kamba ya kuku. Jua halijazama. Wateja nimewaambia leo hakuna mikate ya muchele, nimekaa jikoni juu ya kinu nilichokilaza, karatasi iko magotini. Masere, wale watawa wa misioni walionifundisha kuandika, wangeniona ninavyoandika namna hii wangenipiga na rula kwenye vidole.

Mambo ya blanketi, ya kutokunywa maji ya kijito, ya kuamkia wakubwa kule Kama kwa baba yako, hayo nimekuambia kwa mudomo mpaka umechoka. Siyarudii. Limebaki neno moja, na hilo nikilisema kwa mudomo nitalia au nitakutukana, na yote mawili hayafai siku ya safari. Njo maana naandika.

Juzi ulipokuwa unapanga nguo nilikuambia, "Baba yako akikutuma kulinda ile bustani ya wafanyakazi aliyopewa kulinda, mbele ya kutoka nyumbani angalia kwanza kartushi za bunduki. Kila munyama ana kartushi yake." Ulikuwa umenipa mugongo. Ukacheka kidogo, si kwa ubaya, ukasema, "Mama, mambo ya kartushi tuachie wanaume. Si weye njo ulimupa baba ile ya ndege?"

Kisha ukaendelea kukunja shati.

Sikukujibu, na weye ukafikiri nimekubali. Neno hilo nimelisikia barazani kwa sultani wa kijiji. Nimelisikia mutoni, wanawake wakifua. Nimelisikia kwa baba yako mwenyewe siku aliyotuacha. Sikuwaza kama siku moja nitalisikia kutoka kwa mutoto niliyemubeba mugongoni nikipalilia mupunga. Sikukasirikii, Assani. Uliambiwa ungali mudogo, na miye nilinyamaza, na mama akinyamaza wengine wanapata nafasi ya kuweka maneno yao. Lakini kesho asubuhi kamyo inakupeleka kwa yule aliyelitunga. Usiende na lake peke yake. Chukua na langu.

Wakati huo tulikaa kijijini, njia ya Lokandu, mbele hatujahamia Kindu hapa. Weye ulikuwa umeanza kukimbiza kuku, Zuhura hajazaliwa. Kila nyumba ilipimiwa shamba la mupunga, lazima. Muzungu wa mashamba, bwana agronomu, alipita kuangalia, na nyumba isiyotoa mupunga wa kutosha mwanaume wake alikwenda gereza akaonja fimbo. Sasa mupunga una wezi. Ndege wanakuja mbegu zikiwa na maziwa. Simbiliki, yule panya mukubwa wa majani, anakata mashina usiku kama vile amepewa panga. Nyani wanakuja muchana wakikuangalia usoni. Na nguruwe pori, huyo hali tu, anagaagaa, anachokiacha hakifai hata kulisha bata.

Kwa sababu ya wezi hao serikali ilileta bunduki moja ya kuwindia, kalibre duze kama Wazungu wanavyosema, ikaitwa bunduki ya mashamba. Haikuwa ya muntu. Ilikuwa ya kulinda mupunga wa wote. Walimuchagua baba yako aishike, maana zamani alimubebea muzungu mumoja vitu vya kuwinda akajifunza. Kartushi zilikuja pamoja nayo, na zilikuwa na sheria yake. Kwa kila kartushi iliyopigwa, baba yako alirudisha ganda tupu, na pembeni ya ganda mukia wa munyama aliyeuawa. Bwana agronomu akifika, mukeka unatandikwa mbele ya baraza, ganda na mukia, ganda na mukia, karani anapita na kalamu. Bibi yako, mama yangu miye, alikuja siku moja kututembelea akakuta mukeka umetandikwa. Akasimama, akaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka watu wakaondoka. Nilimufuata kumuuliza kama ni mugonjwa. Akaniambia kwao, chini ya muto, yeye akiwa musichana, walikuja watu wa kutafuta mupira wa musituni na bunduki zao, na kila risasi ilidaiwa kitu vilevile, na hakikuwa mukia, ulikuwa mukono wa muntu. Sikumuuliza zaidi. Tangu hapo na miye sikupenda kuangalia ule mukeka.

Ulisema mambo ya kartushi ni ya wanaume. Aliyenifundisha kartushi ni baba yako. Nataka ujue na hilo, maana sitaki uende ukifikiri nilioana na muntu mubaya. Tulikuwa tungali vijana, nyumba haina hata mulango, tumetundika mukeka. Jioni akimaliza kula alikuwa ananiita, "Aziza, njoo, fumba macho." Ananiwekea kartushi moja kiganjani. "Tikisa. Unasikia nini?"

"Nasikia mutama."

"Njo hiyo ya ndege. Punje ndogo, nyingi. Na hii?"

"Hii ni maharagwe."

"Ya nguruwe. Punje kubwa, chache. Na hii je?"

Ile ya tatu haikulia kabisa. Akacheka, akasema, "Hiyo ni ya risasi moja nzima. Ikitoka haitawanyiki, na haisimami pale ulipotaka isimame. Hiyo sipigi hapa, wanawake wote wako mashambani."

Alisema hivyo, Assani. Alijua. Njo sababu yale aliyoyafanya baadaye yananiuma kuliko kama yangefanywa na mupumbavu.

Basi nikawa mutunzaji. Maganda yalikuwa ya karatasi ngumu na kitako cha shaba, na huku kwetu na umande wa muto karatasi inavimba, kartushi inakataa kuingia kwenye bunduki. Nilikaanga muchele mpaka ukauke kabisa, nikaumwaga ndani ya bati la biskuti, kartushi nikazilaza humo. Hakuna hata moja iliyovimba mikononi mwangu. Za ndege kushoto, za nguruwe kulia. Hata bila taa ningekupa ile unayoitaka.

Mwanzo baba yako alilinda mupunga kweli. Kisha watu wa reli wakaanza kutafuta nyama. Dereva wa kamyo akipita anasimama kwetu: "Amisi, kaka, hauna kitu?" Na kwenye kinamasi nyuma ya kijiji kulikuwa swala wakubwa. Punje za nguruwe zinamuangusha swala vizuri. Ikawa kartushi za mupunga zinakwenda kinamasini, nyama inapanda kamyo, na ganda tupu linarudi nyumbani bila mukia, maana mukia wa swala karani angeuliza unatafuta nini kwenye mupunga.

Mikia ilitoka kwangu. Miye na Feza.

Feza haumukumbuki. Shamba lake lilipakana na letu, na weye ulikuwa unamwita mama mudogo kwa vile ulikuwa unamuona kila siku. Tulichimba mashimo pembeni ya mashamba tukayafunika majani, na nguruwe walikuwa wanaanguka. Kwetu hatuli nguruwe, kwao Feza wanakula. Basi nyama yote ilikwenda kwake, na mikia baba yako aliiomba. Nilikuwa naikausha juu ya moshi wa jiko. Feza akiingia kuomba moto anaangalia juu, anashika kiuno. "Aziza, binti ya Waislamu, siku ya kiyama utaulizwa mikia hii yote ni ya ukoo gani." Tulicheka mpaka weye uliamka ukilia. Sikujua kama mikia ile inafunika kitu. Nilipojua, nilijiambia mume wangu ni mujanja, na mujanja hafi njaa. Hapo njo pa kwanza nilipokosea. Ujanja wa muntu ukikulisha unauona mutamu, hauulizi siku moja utamugeukia nani.

Mwaka huo mupunga ulikuwa na maziwa, ule wakati wenyewe wa wezi. Kulikuwa bado giza-giza, jogoo wamekwisha kuwika, baba yako akasikia nguruwe shambani. Nilimusikia anachukua bunduki.

"Nipe ya nguruwe."

"Hakuna. Ulimaliza kinamasini."

"Hakuna hata moja?"

"Amisi, za ndege njo zimebaki."

"Lete."

"Hii itamuwasha tu. Utamukasirisha."

"Lete, nimesema. Akisikia kelele atakimbia."

Nikampa. Nilimupa kwa mukono huu ninaoandika nao. Hilo ni kweli, na hilo peke yake njo baba yako alilolibeba mpaka barazani. Mengine yote aliyaacha pale mulangoni.

Alipiga kwa karibu, maana punje za ndege kwa mbali hazifiki kitu. Dume lile la nguruwe lilipata punje usoni, jicho likaharibika, na lenyewe lilikuwa zima kabisa, lina nguvu zake zote. Likakimbilia njia. Na kwenye njia Feza alikuwa anakuja na kikapu chake, anawahi kufukuza ndege. Lilimupasua paja toka goti mpaka juu. Nilifika nikakuta baba yako amesimama, bunduki imefunguka mukononi, hasogei. Nilivua kitenge nikamufunga Feza, tukambeba na mume wake. Hakufa. Mungu mukubwa. Lakini muguu ule ulipona umepinda, na shamba halikumuona tena.

Bwana agronomu alipotangaza kuja, kaka wa baba yako, baba yako mukubwa Sumaili, alikuja kwetu mbele ya mangaribi. Alikaa hapo nje, hakutaka kuingia. "Muke wetu," akaniambia, "kesho watauliza nani alichagua kartushi. Amisi akisema zilikwisha, watauliza zilikwishia wapi. Watahesabu mikia upya. Watamufunga. Weye ni mwanamuke, watakukemea tu, basi. Fikiri mutoto atakula nini."

Nilimuangalia baba yako. Alikuwa anakata kucha na kisu. Akasema, bila kuinua kichwa, "Ni ya siku moja, Aziza. Yakipita nitakwenda miye mwenyewe kwa Feza nimwambie kweli."

Nikakubali kunyamaza. Elewa vizuri, Assani: nilikubali kunyamaza. Kusingiziwa sikukubali. Nilifikiri atasema kulikuwa giza, alikosea, basi. Barazani sultani akanyanyua lile ganda, mutafsiri akauliza, "Kartushi ya ndege kwa nguruwe, nani alichagua?" Na baba yako akanyoosha kidole. Hakutaja hata jina langu. Akasema, "Yule. Muke wangu njo anatunza. Nilimwomba ya nguruwe akanipa ya ndege. Kulikuwa giza, nikamuamini."

Nikamuamini. Hilo neno njo lilinichoma.

Muzungu alicheka na mutafsiri, akauliza tangu lini wanawake wanatunza risasi. Watu wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Feza alikuwa amekaa chini, muguu umenyooshwa juu ya kipande cha mukeka, na hakucheka. Aliniangalia miye. Alikuwa anangoja niseme kitu. Nikaangalia mikono yangu.

Sultani akaamua niwe nalima shamba la Feza pamoja na letu mpaka mavuno. Nililima. Yeye alikaa kibarazani kwake muguu juu ya kigoda, ananiangalia napalilia, na toka asubuhi mpaka jua kali hatukuambizana neno. Muntu ambaye tulikuwa tunacheka pamoja mpaka watoto wanaamka. Nilikuwa nangoja baba yako aende. Kila jioni nilikuwa namuangalia tu. Siku moja nikamuuliza, "Utakwenda lini?"

"Kwenda wapi?"

"Kwa Feza."

Akasema, "Mambo yamekwisha kulala, unayaamsha ya nini?"

Kisha ikaja ile sehemu ambayo hata leo siielewi. Baba yako alianza kuamini. Uongo alioutunga kwa kuponya ngozi yake aliuzoea, ukawa nguo yake ya kila siku. Wageni wakija kula anawaambia, "Onjeni kwanza, muke wangu huyu anachanganyaga vitu." Wanacheka. Na miye nacheka, napakua. Zuhura alipoanza kutambaa, yeye akafunga vitu vyake kwenda Kama. Nikamuuliza nimekosa nini. Akanijibu kwa sauti ya chini, bila hasira, "Siwezi kulala na mwanamuke aliyetaka kuniua kwa kartushi."

Nilimuangalia usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Kupigwa nalikujua, kukosa nalikujua. Lakini kuangaliwa na muntu unayejua anajua kweli, na macho yake yamesafika kama ya asiyejua, hilo sikuwa nimelionja. Nilifikia mahali na miye nikaanza kujiuliza. Usiku nalala nawaza, labda kweli ilikuwako moja ya nguruwe chini ya muchele, nikaikosa. Nilimwaga lile bati mara ngapi sijui. Muntu anaweza kukunyang'anya hata ulichokiona na macho yako, kama ukimuachia aseme peke yake.

Sasa nikufundishe lile ulilonikataza juzi, na usikilize kama vile ungesikiliza mwanaume.

Usichague kartushi kwa kuogopa munyama. Vijana wote wanachukua ile kubwa kuliko zote wakifikiri njo uanaume. Ndege ukimupiga na punje za nguruwe unamukosa, zinapita pembeni yake, na ulichokipata ni kelele. Simbiliki na ndege uwape punje ndogo. Nyani uwape za katikati, kama zipo, na usipige anayebeba mutoto, hata ukichekwa. Nguruwe umpe kubwa, ukiwa karibu, umuone ubavu wake wote. Kama huna kubwa, piga debe, piga kelele, washa moto, umuache ale. Mupunga ulioliwa unapandwa tena. Nguruwe aliyejeruhiwa ni hatari kuliko aliye muzima, na hatakutafuta weye uliyempiga. Atamupata aliye njiani.

Na mbele ya kumupiga munyama, angalia nyuma yake. Nani anapita kule? Bustani ya wafanyakazi ina wanawake na watoto kama mashamba yetu. Kartushi unaichagulia wale walio nyuma kwanza, munyama baadaye. Ikiwa imevimba usiisukume kwa nguvu. Ikiwa mudomo wake umefunguliwa na kuzibwa tena kwa nta, usiitie kabisa, hata aliyekupa awe nani. Tikisa. Sikiliza. Masikio yako ni mazuri, ulikuwa unajua mvua mbele yetu sote.

Lakini sikuanza barua kwa sababu ya hayo. Kuna kitu sijakuambia, na nilikifanya leo.

Feza anakaa hapa Kindu, sijui kama ulijua. Anakaa kwa mwanawe, karibu na stesheni, anachambua muchele wa kuuza. Miaka yote nikimuona sokoni napita njia nyingine. Leo adhuhuri nilikwenda. Nilimukuta na ungo, muguu umenyooshwa vilevile. Nikamuamkia, akaitika. Nikakaa chini nikamwambia yote, kartushi za kinamasini, mikia ya mashimo yetu kwenda kufunika swala, Sumaili, kidole cha baba yako. Aliendelea kuchambua. Mawe upande huu, muchele upande huu. Nilipomaliza akauliza:

"Kwa nini leo?"

Nikamwambia, "Assani anaondoka kesho. Anakwenda kwa baba yake. Aliniambia lile neno."

Akapepeta kidogo. Kisha akasema, "Basi haukuja kwa ajili yangu."

Nilikaa pale nikiangalia ungo. Mwisho akasema tena, "Siku ile barazani nilikungoja. Nilijua weye haukosei kartushi, ulikuwa unanitajia sauti zake tukichimba. Nilisema moyoni, atasema sasa. Haukusema. Nguruwe alinichukua muguu, Aziza. Rafiki yangu ulimuchukua weye." Alimuita mujukuu wake anisindikize mpaka barabarani, kwa adabu, kama muntu anavyosindikiza mugeni.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Baba yako alinisaliti, hilo ninalisema na sitalipunguza. Lakini kile kimya changu cha kumuponya yeye kilimusaliti mwingine, na miaka yote nilijiona miye peke yangu njo niliyeumizwa. Nimelijua leo, adhuhuri, nimechelewa. Nataka weye ulijue ndevu zako zikiwa bado hazijaota.

Sikukatazi kumupenda baba yako. Ana mikono mizuri, ana vichekesho, atakufundisha njia za musitu ambazo miye sizijui. Atakuonyesha kweli kama anafurahi kukuona. Mupe heshima yake. Chakula akipika sifu. Lakini watu wanaotoka Kama wanasema macho yake yameingia ukungu. Bunduki ya bustani bado iko kwa jina lake, na ili kazi asiipoteze, amekumbuka ana mutoto wa kiume. Weye njo utapiga, yeye njo ataitika jina. Ikienda vizuri watamusifu yeye. Ikienda vibaya, kutakuwa tena muntu mumoja wa kuonyeshewa kidole, na hatakuwa mbali.

Siku hiyo, akikuambia "lete hiyo hiyo", weka bunduki chini. Sema hapana. Sema kwa sauti, mbele ya watu walioko, siku ileile, usingoje yalale. Kama akikufukuza, njia ya kurudi unaijua na mulango wangu hauna kufuli. Na kama umekwisha kukosea, maana utakosea, weye ni muntu, basi jitaje mwenyewe mbele muntu mwingine hajakutaja, na usimutaje aliyekuwa amesimama tu karibu yako. Sikuombi kitu kingine. Hata kunitumia nyama siombi.

Zuhura amemaliza kufunga, ananiita nije kuona. Muzigo umekaa vibaya lakini sitamwambia.

Kesho nitakupeleka mpaka kwenye kamyo na sitalia, maana nimelia hapa. Na ukifika, Assani, najua itakavyokuwa. Baba yako hajasoma. Jioni mukimaliza kula ataona karatasi mufukoni mwako, atakuuliza, "Mama yako anaandika nini?" Usimufiche. Usimwambie ni salamu tu. Kaa karibu yake, fungua, na umusomee yote kwa sauti yako, usiruke mahali. Ukifika pale barazani soma polepole. Kisha kunja karatasi, umungoje aseme.

Mama yako,
Aziza